Mdomo Haupiti Mtupu

Kila Jumapili asubuhi, Kariakoo ikiwa imefunga milango na watu wako kanisani au bado wamelala, mpangaji wetu wa chumba cha uani alijifunika blanketi zito gubigubi, kwenye joto hili la Dar, akaanza kugombana peke yake. Mara mzee anakohoa, mara binti analia, mara askari anadai leseni. Mgeni akipita kwenda chooni alidhani mle ndani kuna kesi inasikilizwa. Sisi wa nyumbani tulijua ni mtu mmoja, maiki moja na kompyuta moja yenye feni mbovu, chini ya blanketi la kuzuia kelele za nje. Anatafsiri filamu.

Mtaa ulimwita Mtafsiri. Sisi watoto wa nyumba tulimwita Anko. Alizaliwa wapi, ni mtoto wa nani, sijui, na kwa miaka kumi na mbili aliyokaa kwetu sikuuliza. Alikuwa mtu wa kuulizwa filamu mpya imefika lini, basi.

Naandika haya nina hasira. Nyingi ni juu yangu mwenyewe. Zilizobaki ni juu yake, kwa sababu alinibebea mzigo ambao sikumwomba aubebe, na mtu akikubebea hivyo unashindwa hata kumshukuru. Unabaki unamkwepa.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: filamu zinakuja za Kihindi, za Kikorea, za Kichina, na mtu wa Kariakoo anataka aambiwe wanasema nini. Mtafsiri anaweka sauti yake juu ya sauti zao wote, wanaume kwa wanawake, hadi mbwa. Kisha filamu inaenda kwenye mabanda ya video na kwenye maduka. Wateja hawakuuliza nani kacheza. Waliuliza kama ni ya kwake.

Siri tuliyoijua sisi ni kwamba Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, na Kikorea ndio usiseme. Alichofanya ni kuitazama filamu mara tatu. Mara ya kwanza na sauti. Mara ya pili bila sauti. Mara ya tatu aliangalia midomo tu, daftari liko mapajani, anahesabu kwa kidole mdomo umefunguka mara ngapi. Baada ya hapo aliwapa maneno, na maneno yote yalikuwa ya kwetu. Mfalme kavaa taji la dhahabu, anamwambia waziri wake, "Nyumba hii ina wapangaji tisa na choo kimoja, halafu unaniletea habari za vita?" Kijana anamshika msichana mkono kwenye theluji mpaka magotini, anamwambia twende zetu Magogoni tukapande pantoni, Kigamboni nina shangazi. Watu walianguka kwenye mabenchi kwa kucheka. Wengine walilia kweli kweli, maana shangazi yule katikati ya filamu alikuwa anafariki.

Alikuwa na sheria moja aliyoisema kuliko zote: mdomo haupiti mtupu. Mtu kalipa kiingilio, kaja kuona watu wanaongea, kwa hiyo mdomo wa kwenye kioo ukifunguka lazima kitoke kitu. Ukiishiwa, tunga. Ukishindwa kutunga, lalamikia joto. "Kwenye kazi hii," alikuwa anasema, "anayeruhusiwa kunyamaza ni maiti peke yake." Na sheria ya pili ilitokana na ile: harudii. Akikosea anaendelea, kosa linakuwa sehemu ya filamu. Alisema ukimrudisha mtu nyuma kusahihisha, anarudi akiwa mwongo.

Sasa mtu huyo huyo, nyumbani, alikuwa bubu. Unamwamkia shikamoo, anaitika marahaba, imeisha hiyo. Mama alisema kila mtu kapewa maneno yake ya wiki, na yeye anayamaliza Jumapili. Alipiga pasi mashati ambayo hakuna mtu angeyaona chini ya blanketi. Alikula maharage amesimama, sahani mkononi, kama anasubiri kuitwa. Siku baba yangu alipomtukana kwa sababu ya maji ya kufulia, alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaingia ndani. Wiki ile kwenye filamu ya Kichina jambazi mmoja alifoka maneno yale yale ya baba, neno kwa neno, kisha akadondoka kisimani. Baba aliiona bandani na marafiki zake. Alicheka kuliko wote, hakujitambua.

Na alikuwa mwoga. Kazi zake nyingi zilikuwa za kutisha, maana ndizo zilizouza, lakini hakuweza kukaa nazo peke yake. Alifungua mlango, akaomba mmoja wetu akae kizingitini, tufanye lolote ilimradi tuwepo. Ndivyo nilivyomjua. Mimi nilikuwa nachambua mchele pale kizingitini, yeye yuko ndani ya blanketi anapiga kelele za watu wanaochinjwa. Akimaliza anatoa kichwa, jasho linamtiririka, anauliza, "Upo?" Nami namjibu nipo.

Nilisema mmoja wetu. Tulikuwa wawili. Mimi ni Doto. Kulwa alinitangulia kutoka tumboni kwa muda ambao mama anasema haukutosha hata kuchemsha chai. Wazazi wetu ni watu wa Tabora, na mama alishika mambo ya kwao: mapacha hawatenganishwi. Akipewa Kulwa nguo, nami napewa ile ile. Akichapwa Kulwa, nachapwa, na sababu ananitafutia baadaye. Tulifanana mpaka baba mwenyewe alikuwa anaita majina yote mawili kwa pamoja ili asikosee, na aliyekuwa karibu anaitika. Walimu walikata tamaa tangu darasa la pili.

Mtafsiri hakuwahi kutukosea. Hata mara moja. Hata akiwa ametupa mgongo. Siku moja nikamuuliza anatujuaje. Akafikiri, akanijibu kama mtu anayetoa hesabu za kazi yake: "Kulwa anavuta pumzi kwanza, ndio anasema. Wewe unasema kwanza, pumzi unaikumbuka mbele ya safari." Nikaenda kumsikiliza dada yangu jikoni. Ni kweli. Miaka kumi na tisa nimelala naye kitanda kimoja, nikaja kuambiwa na mpangaji.

Ilibidi Kulwa awe mtu wa pumzi. Alikuwa mwoga wa namna nyingine, na woga wake dawa yake nilikuwa mimi. Mtihani wa mdomo wa Kiingereza, Doto niingilie. Kwenda kuomba radhi kwa mwalimu, Doto niendee, tuko wawili lakini si tuko mmoja? Nilikwenda. Nilikuwa najisikia fahari kwenda. Halafu fahari ile ikaanza kuchacha, kidogo kidogo, na sikumwambia, kwa sababu ungemwambiaje mtu ambaye ni wewe.

Tukamaliza kidato cha nne. Kulwa akachumbiwa na mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni hapo Kariakoo, kijana wa Kilimanjaro, mpole, anauza masufuria ya jumla na familia yake. Nilimwita Shemeji, nitaendelea hivyo hivyo. Kanisani walitaka wachumba wapime damu kwanza, walete cheti. Kulwa akaishiwa nguvu. Kabla ya Shemeji alikuwa na mtu, dereva wa malori, ambaye alikonda akafa bila nyumba yao kusema kafa na nini. Kulwa alikaa kitandani akaniambia, "Niendee. Hii tu, sitakuomba tena."

Nikaenda. Nilivaa gauni lake la bluu, nikakaa kwenye benchi la zahanati na Shemeji. Kulikuwa na pazia la kijani. Nilipochomwa sindano alinishika mkono. Tukisubiri majibu alininunulia soda ya machungwa, akaniita Kulwa mara sita, niliitika mara sita. Majibu yakatoka salama, yake na yangu. Alifurahi mpaka akafuta macho. Mimi nilikuwa namwangalia, nawaza: wewe ndiye umesema kati ya wanawake wote wa Dar unamtaka huyu mmoja. Na humjui.

Sikumwambia Kulwa habari za mkono wala za soda. Nilimpa cheti.

Filamu yenyewe ililetwa wiki hizo hizo. Hata Mtafsiri hakujua ni ya nchi gani, watu wake wanaongea kama wanameza maneno. Ni dada wawili wanaofanana, ambao baba yao aliwaandikisha kama mtoto mmoja. Wana kitambulisho kimoja, kazi moja, koti moja jekundu. Mmoja akitoka, mwingine anabaki ndani, pazia zimefungwa. Jioni anayerudi anamsimulia aliyebaki kila kitu, ili kesho asibabaike. Kisha kunaanza kutokea mambo. Mtu anamshukuru mmoja kwa maneno ambayo wote wawili hawakuyasema. Mmoja anaamka viatu vyake vina tope. Mwishoni unaona mwanamke mmoja amekaa mezani, koti kalivaa, mbele yake sahani mbili, na hujui ni yupi, na unaona usoni kwake kwamba na yeye hajui. Hakuna damu hata tone. Mtafsiri aliitazama na mlango wazi na mimi kizingitini, na bado alisimama mara mbili kwenda kunywa maji.

Akasema hii hawezi. Sauti yake moja angeweza kuigawa kwa watu ishirini, lakini hawa walikuwa watu wawili ndani ya sauti moja, ndicho asichokijua. Aliomba mimi na Kulwa tuje. Kulwa akakataa, akasema mke mtarajiwa wa mtu haingii chumba cha mpangaji. Mtafsiri akaniangalia. "Basi utafanya wote wawili wewe. Wa kwanza, vuta pumzi ndio useme. Wa pili, sema ndio uvute."

Alinifundisha wiki nzima. Nilidhani ni rahisi. Kumbe kuvuta pumzi kama Kulwa ni kuogopa kama Kulwa. Unasita, kifua kinapanda, halafu maneno yanatoka yameshajipanga. Ijumaa mama alinisikia nafanya mazoezi uani akaniambia Kulwa acha kuhema njoo ubebe ndoo.

Jumapili tukaingia chini ya blanketi wote wawili, maiki katikati. Tulikwenda vizuri. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo dada mmoja anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anaongea na mwenzake aliyelala. Anaongea dakika nne. Kamera haitoki mdomoni. Kwenye daftari Mtafsiri alikuwa ameandika maneno ya kutosha dakika mbili, alihesabu vibaya, labda kwa woga aliiruka sehemu ile. Maneno yakaisha. Mdomo wa yule mwanamke unaendelea. Mtafsiri akanigusa bega: endelea, haupiti mtupu.

Nikaendelea. Nilisema, "Nimeingia mle nikatoa damu kwa jina lako. Pazia lilikuwa la kijani. Akanishika mkono, akaninunulia soda ya machungwa, akaniita kwa jina lako, nikaitika. Hakujua. Mtu wako hakujua. Kama hakujua, basi wewe una nini ambacho mimi sina?" Nilisema na mengine. Mdomo ulipofunga nami nikafunga, pamoja kabisa, kama nilikuwa nimeandikiwa.

Tulipotoka kwenye blanketi alifuta jasho. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kumuuliza mtu: tufute? Mtu asiyerudia. Nilijua anachoniuliza. Nikamwambia, "Iache, Anko. Si imekaa vizuri."

Ndiyo. Nilisema iache. Watu wangu wote wanaamini sikuwa najua nilichofanya.

Filamu ikatoka, ikapendwa, ikawa inachezwa kwenye maduka mchana kutwa ili kuvuta wateja. Shemeji aliikuta kwa jirani yake wa duka, amekwenda kuomba chenji. Alisikia sauti ya mchumba wake inatoka kwenye televisheni, inataja pazia la kijani na soda ya machungwa. Watu wengine walisikia hadithi. Yeye alisikia siku yake.

Alikuja nyumbani Jumanne mchana. Kulwa alikuwa kwa fundi wa nguo. Mama alikuwa sokoni. Mtafsiri alikuwa amekaa barazani, mgongo kwetu, anakula maharage, siku hiyo tu amekaa. Mimi nilifungua mlango.

Shemeji aliniangalia akasema, "Kulwa, niambie mwenyewe. Siku ile ilikuwa wewe?"

Ningeweza kusema mimi ni Doto. Ni maneno matatu, niliyasema kila siku ya maisha yangu. Na nilijua kitu kingine: Kulwa alikuwa amepanga kumwambia mwenyewe Jumamosi ile. Alikuwa halali usingizi. Alikuwa ameniambia ataenda kupima mwenyewe, peke yake, halafu amwambie yote, litakalokuwa na liwe. Kwa mara ya kwanza alikuwa anataka kwenda mahali bila mimi.

Nikavuta pumzi. Nikasita, kifua kikapanda. "Haikuwa mimi," nikasema. "Nilimtuma Doto. Na wala sikuona haja ya kukwambia."

Alitazama chini, akakunja risiti aliyokuwa nayo mkononi mpaka ikawa ndogo kama punje, akaondoka. Barazani Mtafsiri aliacha kutafuna. Hakugeuka. Lakini niliona mgongo wake, na nilijua amesikia pumzi.

Kikao kilikaliwa sebuleni kwetu Jumamosi. Alikuja mshenga na wajomba wa Shemeji wawili, na kwa upande wetu baba, mama, mjomba. Mtafsiri aliitwa kwa sababu ya filamu. Mshenga akasema bwana harusi amejitoa, cheti ni cha uongo, na alipokuja kuuliza kwa upole, binti alimjibu kwa jeuri mlangoni. Kulwa akakubali la cheti mbele ya wote, analia. La mlangoni akakataa, akaapa, akasema huyo mtu hajamwona wiki nzima. Nikaona shingo ya baba inageuka taratibu kuja kwangu. Baba ambaye hakuwahi kutujua, siku ile alikuwa anaelekea kunijua.

"Hakuja mtu," Mtafsiri akasema.

Kila mtu akamtazama. Hakuwa na kawaida ya kusema. Akaeleza kwamba Jumanne alikaa barazani mchana kutwa, hakuna kijana aliyebisha hodi. Akaeleza kwamba maneno ya filamu aliyaandika yeye: alinisikia nikijisemea uani habari za zahanati, akaona yanafaa, akayaweka kwenye daftari, na Doto alisoma tu alichoandikiwa. Alisema yote kwa sauti bapa, ambayo hakuwahi kuitumia kwenye filamu yoyote. Mimi nilikuwa naangalia kapeti. Nilikuwa na mdomo, na niliupitisha mtupu.

Wajomba wa Shemeji waliondoka wamekasirika kwa kuitiwa mtoto wao mwongo. Kulwa alitoka, akaingia chumba cha uani, akaichukua maiki akaipiga sakafuni mpaka ikatoa nyaya. Baba akampa Mtafsiri siku mbili. Mama, ambaye kwa miaka alimwekea maharage, alimwita mchonganishi mbele ya wapangaji wote. Mtafsiri alikunja blanketi lake vizuri, kona kwa kona, akalifunga kwa kamba. Akipita nilipokuwa nimesimama hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo, ndivyo nilivyokuwa.

Kulwa alikwenda kupima mwezi uliofuata. Peke yake. Hana kitu. Hajawahi kuwa na kitu. Alirudi na karatasi akanionyesha, tukalia wote, na yeye akidhani tunalilia kitu kimoja.

Hajaolewa. Anauza vitenge kwenye fremu ndogo ya duka, na jioni anamlea binti yangu kuliko mimi. Binti yangu ana miaka minne. Baba yake yuko Kahama, anapiga simu sikukuu, na Kulwa ndiye aliyesimama nami leba. Mtoto anamwita Kulwa mama, ananiita mimi mama, na hachanganyi. Ndio maana miaka yote nimenyamaza. Nikisema, nampoteza huyu ambaye nusu ya nyumba yangu imesimama juu yake. Hicho ndicho kinachonikasirisha zaidi: namfundisha mwanangu asiseme uongo.

Sauti ya Mtafsiri haikuwahi kuondoka Kariakoo. Spika za kwenye meza za nguo zinazojirudia kutwa, "mama usipite kavu, gusa kwanza, kugusa bure", ni yeye. Siku ya kwanza kuisikia nilisimama katikati ya njia, mkokoteni ukanikosa kidogo. Kulwa anapita hapo kila siku na hajamtambua. Mimi nilikuwa nazunguka kwa mtaa wa nyuma.

Halafu mwezi uliopita Kulwa alirudi kutoka Magomeni, amepeleka mzigo, macho yanang'aa. Akaniambia amemkuta yule mzee mnafiki sokoni ananunua nyanya, na amempa zake mbele ya watu, amemwita mvunja nyumba, amemwambia kila akimwona mtoto wa pacha wake anakumbuka yeye hana. Nikamuuliza alijibuje. Kulwa akavuta pumzi. "Kasema nisamehe mwanangu. Mnafiki mkubwa. Hata hakubisha."

Usiku huo sikulala na asubuhi nilimuuliza muuza nguo mwenye spika ile Mtafsiri anakaa wapi.

Nilikwenda na mtoto. Ni nyumba ya Kiswahili kama ya kwetu, chumba cha uani kama cha kwetu. Nilibisha hodi tu, na kutoka ndani akajibu, "Karibu, Doto."

Amezeeka kuliko miaka iliyopita. Shati limepigwa pasi. Blanketi ni lile lile. Binti yangu akamwamkia, akaitikia, akampa kiti, na mimi nikaanza kumfokea kabla sijakaa. Nikamuuliza nani alimtuma. Nikamwambia kama angeniacha siku ile baba angenipiga, ningelia, ingeisha, leo ningekuwa mtu. Nikamuuliza ilikuwaje akamwachia dada yangu amtukane sokoni. Nilisema sana. Sikupumua.

Alisubiri mpaka nikaishiwa. "Pumzi ile nilikufundisha mimi," akasema. Basi.

Kisha akawasha kompyuta. Aliniambia baada ya kuhama alizunguka banda kwa banda, duka kwa duka, akibadilisha nakala za filamu ile kwa nakala mpya. Ilimchukua mwaka na zaidi. Nilidhani ameweka sauti yake. Akaisogeza mbele mpaka kwenye kitanda, dada mmoja kalala, mwingine kakaa ukingoni. Mdomo ukafunguka. Ukaanza kuongea.

Hakuna sauti. Alikuwa ameifuta yangu, na hakuweka kitu. Mtu ambaye alimfanya mfalme alalamikie choo ili asinyamaze. Akasema watu walipiga miluzi bandani, wakadai spika imekufa, wengine wakadai kiingilio chao. Akawaacha wadai.

"Mama," binti yangu akasema, "huyu mbona haongei?"

Mtafsiri aliangalia kioo, hakuniangalia mimi. Mkono wake ulikuwa mezani, na niliona kidole kinahesabu, mazoea tu, mdomo unavyofunguka.

Nilitoa simu nikampigia Kulwa. Akapokea yuko dukani, nikasikia mteja anabishana naye bei, na nyuma kabisa, mbali, spika inasema mama usipite kavu. Akaniuliza kama mtoto kala.

"Kulwa, yule aliyemjibu Shemeji mlangoni ni mimi," nikasema, na pumzi nikaikumbuka baadaye.

Nikamwambia gauni, pazia, mkono, soda. Nikamwambia ni mimi niliyesema iache. Nikamwambia kikao, na nani alidanganya na nani alinyamaza. Mdomo wa kwenye kioo ulifunga mimi nikiwa bado katikati, yule mwanamke akasimama akavaa koti jekundu akatoka, na mimi nikaendelea. Upande wa pili mteja alikuwa ameshaondoka. Spika iliendelea kuita. Kulwa hakuwa amekata simu.